Uzi: Joto la Desemba limeshaingia Dar, kabla hujamwita mtu wa kupiga dawa zunguka kwanza uwanja wako (mbu, mende, panya, mchwa, nyoka)

mama_segerea (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni, poleni na joto. Huu uzi nimekaa nao kichwani toka 2019, kila mwaka nasema ntaandika naishia kusema, leo nimeona watoto wa jirani wanajikuna miguu saa nne asubuhi nikasema hapana, leo leo.

Ule mwaka wa dengue, ile homa inayoletwa na mbu, mnaukumbuka, na mi nilikuwemo. Siku ya kwanza nikajua malaria, kichwa kinauma kwa nyuma ya macho, viungo vyote vimekataa, kunyanyua kikombe cha chai tu ni kazi. Kupima malaria hamna, kupima tena hamna, mara ya tatu ndo wakapima dengue ikatoka. Baada ya wiki mwanangu wa pili naye akalala. Sasa kilichoniuma ni kwamba mwezi huohuo nilikuwa nimetoka kumlipa mtu wa fyumigesheni, kapiga dawa vyumba vyote, makabati, uvunguni, mpaka darini, sisi tumeshinda kwa jirani kutwa nzima na harufu ikakaa siku tatu, na bado mbu wanatuuma mchana kweupe tumekaa barazani.

Aliyenifungua macho ni bwana afya aliyepita mtaani kwetu. Hakuanzia hata sebuleni. Akaomba ngazi, akapanda ukuta wa uzio, si mnazijua kuta zetu hizi tunazopanga chupa zilizovunjwa juu ili mwizi asiruke, akaniita na mi nipande nione. Kila kitako cha chupa kina maji ya mvua ya juzi kama kijiko kimoja, na ndani viluwiluwi vinajipinda pinda. Ukuta mzima! Akashuka akaenda kwenye tairi la bembea ya watoto, vimo. Bomba la chuma tulilosimamisha kwa ajili ya kamba ya nguo, juu liko wazi limejaa maji, vimo. Visahani chini ya maua, vimo. Mwisho akaomba nivute friji, kile kitrei cha nyuma kinachopokea maji, na chenyewe vimo. Dawa yote ilipigwa vitandani na kwenye makabati, mbu wanazaliwa kwingine kabisa.

Kitu ambacho wengi hatukijui, mbu siyo mmoja. Yule wa dengue ni mweusi ana madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, na anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo, yani ndoo, pipa, tenki, kopo, kifuu cha nazi. Yule wa kahawia anayelia sikioni usiku ni wa maji machafu, chemba, shimo la choo, mtaro, na ndo huyohuyo anayeeneza matende. Wa malaria naye usiku, huyo anataka madimbwi yaliyo wazi yanapigwa na jua. Kwahiyo unaweza ukafyeka majani wiki nzima, kama pipa liko wazi yule wa mchana hujamgusa.

Halafu mayai yake sasa, hapa ndo nilikuwa nakosea miaka yote. Hayatagi majini kabisa, anayagandisha kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yakikauka hayafi, yanakaa miezi yanasubiri, mvua ikijaza tu chombo yanaanguliwa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Inabidi usugue kwa brashi ngumu na sabuni, hasa pale kwenye mstari ambao maji yaliishia. Na toka yai mpaka mbu aruke, kwa joto letu hili, ni siku 7 mpaka 10 hivi, ndo maana mi nimeweka Jumamosi asubuhi kila wiki, ukizunguka mara moja kwa wiki unamwahi bado yuko kwenye maji, ukisubiri mwezi wengi wameshakuwa mbu na kuruka.

Jumamosi yangu inachukua kama dakika arobaini, naanza getini namaliza jikoni, natembea na mwanangu mkubwa yeye ana tochi mi nina brashi, tunageuza kila kinachoweza kushika maji, makopo, ndoo zilizopasuka, sahani ya kuku ya maji, turubai lililofunika matofali (lile likikunjamana linashika maji vizuri mno), gata inayozibwa na majani ya mwembe, vifuu, midoli ya watoto iliyosahaulika nje. Vile vya kudumu tulivimaliza mara moja tu: vitako vya chupa fundi alivijaza saruji, bomba la kamba akaliziba juu kwa zege, tairi tukalitoboa chini. Maji lazima tuhifadhi maana yakikata yanakata kweli, kwahiyo simtank nimelinunulia mfuniko mpya na ile bomba ya kumwagikia maji yakizidi nimeifunga kipande cha chandarua kikuukuu kwa mpira, pipa nalo hivyohivyo. Toka hapo mbu wa mchana kwangu wamepungua sana. Hawajaisha, maana majirani, ntalisema hilo mbele.

La mwisho kwa leo na naomba mlishike: mtu akipata homa ya namna hiyo msimpe asipirini wala diklofenaki wala dawa hizi za maumivu za kujinunulia zaidi ya parasetamo, dengue inaweza kuleta kutoka damu na dawa hizo zinaongeza. Parasetamo, maji mengi, hospitali apimwe. Na akitapika mfululizo, tumbo likamuuma sana au akatoka damu kwenye fizi au puani, msisubiri asubuhi.

Karibuni, kila mtu aseme kinachomsumbua kwake.

---

dada_sinza

Asante dada, pole sana na yaliyokukuta. Mi ni mpangaji, nyumba moja familia sita, choo na jiko vya pamoja. Shida yetu mende. Napuliza dawa ya kopo kila siku ya Ijumaa, wanakufa wachache wengine wanahamia kwa jirani, jirani akipuliza wanarudi kwangu. Na joto hili ndo wamezidi, wengine wanatoka kwenye tundu la maji bafuni usiku wakubwa hao mpaka mtoto anaogopa kwenda kukojoa.

---

mama_segerea

Mdogo wangu hao ni wa aina mbili na kila mmoja ana dawa yake. Wakubwa wekundu wanaotoka bafuni makao yao ni chemba na bomba za maji machafu. Hao usihangaike nao jikoni, ziba njia. Tundu la bafuni liwekewe kifuniko cha kichujio na usiku ukishamaliza kuoga mtu wa mwisho afunike, hata kwa kopo lenye jiwe. Kifuniko cha chemba nje kikiwa na nyufa zungushieni saruji. Ile bomba ndefu ya hewa ya shimo la choo ifungieni wavu juu, hapo unapata faida mbili, mende na mbu wa usiku.

Wadogo wa rangi ya maganda ya karanga wenye mistari miwili mgongoni ndo wa jikoni, wanakaa kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji, chini ya jiko la gesi, hata ndani ya redio. Hao wanaingia na katoni, kreti za soda, friji la mtumba. Jike anabeba kifuko cha mayai kama thelathini au arobaini na anakishikilia mpaka yanakaribia kutotolewa, na ile sprei haipenyi kwenye kile kifuko, kwahiyo ukipuliza leo kesho kutwa kuna wapya. Tafuta dawa ya mende ya jeli, ile ya sindano, unaweka vitone vidogo vidogo kama punje ya mtama kwenye kona na bawaba. Mende anakula anaenda kufia kwa wenzake na wenzake wanamla. Ila sharti moja, ukishaweka jeli usipulize sprei hapo, harufu inawafukuza wasile. Na mkubaliane wote sita muweke siku moja, kwenye nyumba ya pamoja hilo ndo kubwa kuliko hata dawa yenyewe. Usiku hakuna chombo kichafu kinacholala, hakuna maji kwenye beseni, mende anavumilia njaa wiki nyingi lakini kiu hawezi.

Na wote jamani, zile dawa za kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa bila lebo, za kutembezwa mtaani, msinunue. Hujui ni nini, hujui unachanganya kiasi gani, na mtoto akiona chupa ya maji anakunywa. Dawa halali ina lebo na namba ya usajili, wanaosimamia ni TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu.

---

fundi_kibamba

Mkuu umeongea vizuri, naongezea upande wa mchwa maana huku Kibamba, Mbezi, Goba hadi Bunju ndo kilio. Mi ni fundi ujenzi miaka mingi. Mchwa hatoki hewani jamani, mchwa mnampandia wenyewe wakati wa kujenga. Ukimaliza jamvi mirunda na vipande vya mbao vya kufungia mkanda vinafukiwa humohumo kwenye kifusi ndani ya msingi, baada ya miaka miwili unaona njia ya udongo inapanda ukutani inaelekea fremu ya mlango. Toeni mbao zote kabla ya kujaza kifusi. Dawa ya msingi pigeni kabla ya kumwaga zege la jamvi, ikishamwagwa kumfikia mchwa ni kutoboa toboa sakafu, gharama nyingine.

Kwa nyumba iliyosimama tayari, kosa ninaloona kila siku ni udongo wa bustani kurundikwa mpaka unagusa plasta. Mtu kapanda maua mazuri chini ya dirisha, kamwagilia kila jioni, mchwa anapata unyevu na njia iliyofichwa. Acheni msingi uonekane, kama shubiri moja hivi kutoka ardhini, ili akipanda uione ile njia yake. Ukiiona usiibomoe yote ukafagia ukasahau, bomoa kidogo, rudi baada ya siku mbili, kama kaijenga tena basi yupo hai na ndo mtu wa dawa aitwe hapo, apige kwenye udongo kuzunguka nyumba siyo ukutani tu. Na wakitoka kumbikumbi ndani ya nyumba yako baada ya mvua, siyo kwenye taa ya nje, namaanisha wanatoka ufa wa sakafu au fremu, hiyo ni taarifa kamili kwamba kichuguu kiko chini yako. Mninga na mvule anavikwepa, paini isiyo na dawa ni chakula chake.

---

mzee_wa_minazi

Wanangu nimesoma. Mimi niko Mbagala toka hapa kote ni minazi na mikorosho. Nataka kusema mambo mawili tu.

Kwanza kivumbasi. Zamani kila nyumba ilikuwa na shina la kivumbasi mlangoni, jioni mama anaweka majani kwenye jiko la mkaa lililobaki moto, mnakaa mkekani mnazungumza. Kinapunguza mbu, hakimalizi, chandarua kilikuwa palepale. Sasa hivi kila mtu kaweka pevingi ukuta hadi ukuta hana hata mche.

Pili majimoto, wale sisimizi wa mitini. Naona vijana wakinunua kiwanja chenye mwembe au mnazi kazi ya kwanza ni kumwagia dawa majimoto kwa sababu wanauma. Wale ni walinzi. Ndio wanaomla yule mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zinapukutika zingali ndogo. Ukiwaua mwaka huu, miaka ijayo utauliza mbona mnazi wangu hauzai. Kata tawi linalogusa bati ili wasiingie ndani, na watoto waonywe wasipande, mti waachieni wenyewe.

---

mama_segerea

Shikamoo baba, asante sana. Hilo la majimoto sikuwahi kulijua na mwembe wangu mwaka jana niliupiga dawa kwa sababu hiyohiyo. Sitarudia.

---

chanika_kwetu

Wakuu mi naomba msaada wa haraka. Nimehamia kiwanja changu Chanika mwezi wa tisa, wiki hii tumeua nyoka wawili uani, mmoja mweusi alinyanyua kichwa akatanua shingo. Nina watoto wadogo. Wengine wananiambia nimwage mafuta ya taa kuzunguka nyumba, wengine salfa, wengine nichome tairi. Nifanyeje?

---

mama_segerea

Pole sana. Huyo aliyetanua shingo ni jamii ya swila, hakikisha hamumsogelei tena kwa fimbo, wapo wanaotema sumu kwenye macho kwa mbali.

Mafuta ya taa na salfa mi sikushauri utegemee, harufu inaisha mvua ikinyesha na wewe umeshajiaminisha, na tairi utawapa wanao moshi bure. Jiulize nyoka kafuata nini. Kafuata panya, kafuata vyura, kafuata mayai na vifaranga, au kafuata pa kujificha. Umehamia juzi kwahiyo nadhani bado una kifusi, mabaki ya matofali, mabati, mirunda imeegeshwa ukutani. Hivyo ndo nyumba yake. Hamisha vyote, kama unavihitaji vipange juu ya mawe viwe juu ya ardhi na mbali na mlango. Majani fyeka yawe mafupi kabisa mita kadhaa kuzunguka nyumba, uone ardhi. Chini ya geti na mlango wa nyuma weka mpira, pale panapopita mwanga wa tochi na nyoka mdogo anapita. Banda la kuku liwe na wavu wa matundu madogo, mayai yaokotwe kila siku. Matawi yanayogusa bati kata. Usiku viatu na tochi hata kama ni kwenda chooni hatua tano. Viatu vya nje vikung'utwe asubuhi, nge naye anavipenda.

Panya sasa maana ndo mzizi. Panya mdogo anapita kwenye tundu la kalamu ya biki, yule mkubwa ukiona kidole gumba kinaingia basi na yeye anaingia. Zunguka ukuta wote na kalamu yako, pita kwenye bomba zinapoingia ukutani, chini ya sinki, kona za bati na ukuta. Sindilia stiliwaya ile ya kusugulia masufuria halafu juu yake saruji, stiliwaya hawezi kuitafuna. Unga, mchele, pumba za kuku viwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Mtego uweke umegusana na ukuta maana panya anatembea akipapasa ukuta, katikati ya chumba hapiti. Sumu nakusihi usianze nayo, na ile ya vipakiti isiyo na jina usiiguse kabisa, ina watoto wengi imewapeleka wodini, na paka au kuku akimla panya aliyekufa unampoteza na yeye.

Na Mungu aepushe, mtu akiumwa: msimchanje, msifyonze, msimfunge kamba ya kukaza, vueni pete na bangili, mguu au mkono utulie kama umevunjika, tafuteni usafiri hospitali ya serikali iliyo karibu mara moja. Akitemewa machoni, maji safi mengi dakika kumi na tano au zaidi huku mnatafuta usafiri.

---

kigogo_bondeni

Mnaongea ya uani wenye uani. Sisi huku bondeni Msimbazi tuna shimo la choo lina maji mwaka mzima, mbu wa usiku wanatoka kama moshi. Tutasugua nini?

---

mama_segerea

Kaka yangu uko sahihi, na nisingependa huu uzi uwe wa wenye mageti tu. Kwa shimo la choo lenye maji kuna kitu kilifanyika Makunduchi kule Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga chenga za lile povu jeupe jepesi, la kama linalokuja kwenye boksi la TV, zikaelea zikafunika maji yote kama blanketi. Viluwiluwi vinahitaji kuja juu kupumua, vikakosa hewa, na mbu akakosa pa kutagia. Mbu walipungua sana, na pamoja na dawa za kumeza matende nayo ikashuka. Ila kwako kuna shida moja, mto ukifurika zile chenga zitasambaa zote ziende baharini, kwahiyo kama shimo lenu huwa linafunikwa na mafuriko msifanye hivyo. Kwenu bora dawa ya kuua viluwiluwi ya kibaiolojia, kiwanda kipo hapa hapa Kibaha toka 2015, ni bakteria wanaoua viluwiluwi na hawamdhuru mtu wala kuku, inawekwa na kurudiwa rudiwa. Mwenyekiti wa mtaa aandike barua kwa bwana afya, muiombe kama mtaa, mtu mmoja mmoja mtachoka. Na wakati mnasubiri, wavu kwenye bomba ya hewa, kifuniko kwenye tundu, chandarua kisicho na matundu kwa kila kitanda.

---

tabata_kwa_bibi

Dada yote sawa lakini mi nakuuliza kwa nia njema. Nikisafisha mi, upande wa kulia kuna kiwanja hakina mwenyewe miaka sita, kimejaa majani na matairi na makopo. Si najichosha?

---

mama_segerea

Hujichoshi. Yule mbu wa dengue haruki mbali, wengi maisha yao yote wanaishia ndani ya mita 200 hivi toka walipozaliwa. Maana yake ni kwamba wanaokuuma wamezaliwa kwako au kwa jirani wa karibu, hawatoki Kariakoo. Ukimaliza kwako umeondoa sehemu kubwa, na jirani wawili watatu wakikuunga mkono mmemaliza karibu wote.

Sisi kile kiwanja cha nyuma yetu tulienda kwa mjumbe, mjumbe akatupeleka serikali ya mtaa, wakatuandikia kibali cha kuingia kusafisha kwa sababu mwenyewe hapatikani. Tulikuwa kaya tano Jumapili moja, tukatoa matairi kumi na moja na vifuu sikuvihesabu. Usiingie kimyakimya bila mjumbe, isije kuonekana unavamia ardhi ya mtu.

---

tabata_kwa_bibi

Dada nimerudi. Asubuhi hii nilipanda ukutani kwangu na simu ina tochi. Nina chupa kama wewe. Nimehesabu vitako kumi na nane vina maji, kumi na mbili vina viluwiluwi. Mtoto wangu wa mwisho alilazwa mwezi uliopita homa isiyojulikana. Nimekaa chini nimelia.

Saruji sina leo, mshahara mpaka tarehe. Nifanye nini saa hii?

---

mama_segerea

Pole mama, pole sana, na mtoto aendelee vizuri. Homa ikirudi mwambie daktari hilo la ukutani, litamsaidia kujua cha kupima.

Saa hii tafuta kitambaa au sponji, zungushia kwenye kijiti, nyonya maji kila kitako na kamua chini juani, palepale vitakauka vife. Halafu sugua kidogo ndani na hicho kijiti. Kisha jaza mchanga mpaka juu kabisa ukingoni, mchanga wa kawaida tu, ukiacha nafasi maji yatakaa juu yake. Mchanga utakutosha wiki kadhaa, mvua kubwa ikipiga utapungua na itabidi uongeze, saruji utaweka mwisho wa mwezi, robo ndoo ya mchanganyiko inatosha ukuta mzima. Vaa glavu ngumu au soksi mbili mkononi, na mtu akushikie ngazi. Ukimaliza shuka uvute friji.